Pambo la Mtoto Litoke Wapi?

Mwezi wa Desemba katika nchi yetu ya Ugogo ni mwezi wa mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi. Jambo la kwanza ni Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana, ambayo yataka kanisa lipambwe na watoto wafurahi. Jambo la pili ni mvua. Nchi hii ya kati, tangu Mpwapwa na Kongwa hata Dodoma, Bahi na Manyoni, ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, nao ni mfupi. Mawingu huanza kujikusanya mwisho wa Novemba, na katikati ya Desemba kila mwenye jembe yu shambani. Mtama na uwele ulio bora hutolewa ghalani, si kwa kuliwa, bali kwa kupandwa. Kinachobaki ndicho cha kulisha nyumba hata mavuno mapya, na aghalabu hakitoshi. Kwa hiyo Krismasi yetu haiji wakati wa shibe, kama iwajiavyo watu wa Ulaya waliokwisha kuvuna. Yaja wakati ambapo mama mwenye nyumba huhesabu vibaba.

Basi swali letu la mwezi huu laonekana dogo: pambo la Krismasi litengenezwalo na mtoto litoke wapi? Sisi wenyewe tulilidhani kuwa ni swali la kazi za mikono tu. Bibi kizee mmoja ndiye aliyetufundisha kwamba ni swali la haki.

Ilikuwa hivi. Mwaka mmoja, siku chache kabla ya likizo ya Desemba, sisi waalimu wa shule moja ya kijijini tulitaka watoto wa darasa la pili watengeneze mapambo ya kuangika kanisani. Katika kitabu kimoja cha kazi za mikono kilichotoka ng'ambo tulisoma njia nyepesi mno. Hutwaliwa vipimo viwili vya unga, kimoja cha chumvi, na kimoja cha maji. Hukandwa, husukumwa kama chapati, hukatwa nyota na njiwa na kengele, hutobolewa tundu la uzi, kisha hukaushwa karibu na moto. Hata mtoto wa miaka sita aiweza kazi hiyo, na pambo lake hudumu miaka. Tukaona ni vema. Tukaagiza kila mtoto aje na nusu kibaba cha unga siku ya Jumatatu. Watoto walikuwa 42. Hatukupiga hesabu, na kama tungalipiga, tungaliona kwamba tumeagiza vibaba 21, ambavyo ni chakula cha nyumba moja kwa muda wa juma zima.

Jumatatu asubuhi alikuja bibi wa mmoja wa watoto hao, akiwa na unga wake katika kibuyu. Alitusalimu, "Mbukwenyi," nasi tukaitika kwa heshima na kumpa kiti. Hakuketi.

"Mwalimu," alisema, "nimeleta unga ulioagiza. Nataka kujua utaliwa na nani."

"Hautaliwa, Bibi," tulijibu. "Watoto watafanya nyota za kupamba kanisa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na ukiisha kutiwa chumvi hiyo, kuku aweza kuula?"

"Hawezi, Bibi."

"Haya. Basi mjukuu wangu atapamba kwa chakula chake cha kesho. Na kesho atakuja hapa kusoma. Ndiwe utakayemwona akisinzia, si mimi."

Aliumimina unga juu ya karatasi mezani petu, akachukua kibuyu chake, akaenda zake. Hakukataa kutii, kwa sababu agizo la mwalimu ni agizo. Hapo ndipo tulipoanza kuwatazama watoto wengine. Tisa walikuwa wameleta unga. Waliosalia walikaa wameinama, kwa maana waliogopa kuulizwa. Na jioni ile tulipata habari kwamba mmoja wa wale tisa alikuwa ameutwaa unga usiku, mamaye akiwa amelala, ili asiaibike mbele yetu. Sisi tuliotaka afanye nyota tulikuwa tumemfanya mwizi.

Tangu siku hiyo tumelifikiri jambo hili, tena tumewasikia wengi wakilijibu kwa majibu mawili ya haraka. Hatuna budi kuyapima yote mawili.

Jibu la kwanza lasema hivi: mapambo yote ni ubatili, katika nchi yenye njaa kanisa na liwe wazi, na watoto waimbe tu. Neno hili lina sura ya utauwa, lakini hatuliamini. Tazameni mambo ya wazee wetu. Mgogo hakuwa na vitu vingi ndani ya tembe lake, na nchi yake imejulikana tangu zamani kwa ukame. Walakini kibuyu chake cha maziwa alikitia nakshi, na shingo ya binti yake aliivika shanga. Kibuyu kisicho na nakshi huhifadhi maziwa sawasawa na kile chenye nakshi. Kwa nini basi alijisumbua? Kwa sababu mtu hakuumbwa awe tumbo tu. Tena Maandiko yenyewe, katika kitabu cha Kutoka, yatuambia habari za Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza roho yake apate kuwa fundi wa dhahabu na mawe na miti, naye alifanya kazi hiyo katikati ya jangwa, kati ya watu waliokuwa wakila mana ya siku kwa siku. Kama Mungu aliona vema uzuri uwepo jangwani, sisi ni nani tumnyime mtoto wa Bahi nyota yake?

Jibu la pili lasema kinyume chake: sikukuu ya Bwana yastahili kilicho bora, wala mtu asihesabu vibaba mbele za Mungu. Hao huleta ushahidi wa yule mwanamke wa Bethania aliyemmiminia Bwana marhamu yenye thamani ya zaidi ya dinari 300, yaani karibu mshahara wa mtu wa kazi kwa mwaka mzima. Waliokuwapo walinung'unika, wakisema yangaliuzwa, maskini wapewe fedha. Bwana akamtetea mwanamke. Je, kibaba cha unga si kidogo kuliko marhamu yale?

Jibu hili lilitusumbua zaidi, kwa maana lilifanana sana na udhuru tuliokuwa tukiutafuta. Lakini tulipoisoma tena habari ile tuliona jambo ambalo tulikuwa tumelipita. Marhamu yale yalikuwa yake. Hakuna aliyemwagiza ayalete, wala hakuyatwaa ghalani mwa mtu mwingine. Laiti mmoja wa mitume angalisimama mlangoni na kumwagiza kila mjane wa Bethania alete chupa ya marhamu, tunadhani habari ile ingalikuwa na mwisho mwingine.

Ndivyo afundishavyo na mfalme Daudi. Alipotaka kumjengea Bwana madhabahu katika kiwanja cha kupuria cha Arauna, mwenye kiwanja alitaka kumpa bure kiwanja, na ng'ombe, na kuni. Daudi alikuwa mfalme. Angaliweza kuitikia tu. Alikataa, akalipa shekeli 50 za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu yeye mwenyewe. Nasi tulikuwa tumefanya nini? Tulitaka kanisa lipendeze, na gharama tukaiweka juu ya watu wengine; tena hatukuiweka juu ya watu wazima wawezao kukataa, bali tuliituma kwa vinywa vya watoto, ambao hawawezi kumkatalia mwalimu wala hawana ghala.

Wazee wa nchi hii walijua kabla yetu maana ya chakula kutolewa kwa agizo. Miaka ya 1917 hadi 1920 Ugogo ulipatwa na njaa kuu ambayo wenyewe waliiita Mtunya. Ukame ulikuwapo, ndiyo. Lakini kabla ya njaa ile majeshi ya vita kuu, kwanza ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yalikuwa yamepita na kuchukua nafaka na ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Watu walikufa kwa maelfu. Hatusemi kwamba nusu kibaba cha shule ni sawa na mambo yale; kusema hivyo kungekuwa upuzi. Twasema tu kwamba bibi aliyeuliza "utaliwa na nani?" aliuliza swali la watu wake, ambao habari za Mtunya zilisimuliwa kwao mekoni. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo haoni unga kama kitu cha kuchezea.

Basi, ikiwa mapambo ni halali, na ikiwa sharti yatoke katika mali ya mtoaji mwenyewe, twarudi kwenye swali letu tukiwa na nuru zaidi: mtoto wa miaka minane ana nini kilicho chake?

Unga si wake, ni wa nyumba. Fedha si yake. Siku hizi katika maduka ya Dodoma, tangu mji huo ulipochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi na kukua kama tuuonavyo leo, yauzwa mapambo yanayong'aa ya kila namna, na sehemu kubwa ya mapambo ya namna hiyo yauzwayo duniani hutoka katika mji mmoja wa Uchina uitwao Yiwu. Ni mazuri kwa macho. Lakini mtoto alipewa fedha na babaye, na nyota ilifanywa na mtu wa mbali asiyemjua. Mtoto amebeba tu. Mali yake halisi ni mikono yake, na macho yake, na saa zake za mchezo, na vile vitu ambavyo nchi huviacha chini bila mtu kuvidai.

Jambo hili si geni hata huko ilikotoka desturi ya mti wa Krismasi. Zamani Wajerumani waliangika juu ya mti matufaha na njugu, na sikukuu ikiisha watoto walivila. Pambo lao halikuharibu chakula. Katika karne ya 19 mafundi wa kioo wa mji wa Lauscha ndio walioanza kuyaiga matunda hayo kwa kioo, na kutoka hapo ikawa biashara. Tena katika karne iyo hiyo, katika shule ya Wamoravian mjini Niesky, watoto walifundishwa kutengeneza nyota ya karatasi yenye pembe nyingi, na somo lenyewe lilikuwa la jometri. Nyota ile leo huangikwa wakati wa Majilio katika nchi nyingi. Na Wamoravian hao ndio waliofika Rungwe, katika nchi yetu hii, mwaka 1891. Tulifurahi kuona kwamba pambo mashuhuri namna hiyo lilianza darasani, kwa karatasi na mkasi.

Basi tuliwarudishia watoto unga wao, tukawaambia mbele ya darasa kwamba waalimu wamekosa. Unga wa yule aliyeuchukua usiku tulimpelekea mamaye kwa mikono yetu, tukamwomba asimpige, kwa kuwa kosa ni letu. Alicheka kidogo, akatushukuru, kisha akaupima.

Kisha tulianza upya; nasi twaeleza kwa ufupi tuliyoyafanya, ili atakaye aige.

Kwanza, nyota za mabua. Baada ya mavuno mabua ya mtama hubaki shambani, na yale yasiyoliwa na ng'ombe huchomwa kabla ya kupanda. Tuliwaambia watoto waombe ruhusa kwa mwenye shamba kwanza, kwa maana hata bua lina mwenyewe. Hutwaliwa vipande vitano vilivyo sawa kwa urefu, vikalazwa juu ya nyota iliyochorwa mchangani kwa mstari mmoja bila kuinua kidole, na kila vinapokutana hufungwa kwa uzi wa gome la mbuyu au wa katani. Kiini cha bua nacho ni chepesi na laini. Mtoto hukikata vipande na kuviunga kwa vijiti vya ganda lake lile lile, akapata punda, na kondoo, na zizi zima. Watoto wetu walikuwa wakifanya magari na miwani kwa njia hiyo tangu zamani, wala hatukuwa na la kuwafundisha. Wao ndio waliotufundisha sisi.

Pili, udongo wa kichuguu. Huo hutwangwa, hupepetwa, hukandwa kwa maji kidogo, hufinyangwa njiwa na kengele na ng'ombe. Hutobolewa kwa mwiba kabla haujakauka, na huanikwa kivulini, kwa sababu jua la Ugogo huupasua. Ukiisha kukauka hupakwa chokaa au ngeu, na mbegu za ubuyu zilizofyonzwa zaweza kukandamizwa ndani yake udongo ungali mbichi, zikawa kama mawe ya thamani.

Tatu, ganda la buyu. Likipasuliwa nusu na kujazwa nyasi laini huwa hori, na ndani yake hulazwa mtoto wa udongo.

Nne, mikufu ya karatasi za madaftari yaliyokwisha. Hapa tulijikwaa tena, kwa maana tulizoea kugandisha karatasi kwa uji mzito wa unga. Mvulana mmoja mchunga mbuzi akasema, "Mwalimu, mgunga una gundi." Akaenda, akarudi na matone ya utomvu uliokauka juu ya gome, tukautia katika maji ya moto, na ukashika vizuri kuliko uji.

Tano, mti wenyewe. Misonobari haipo kwetu, wala hatukutaka kukata mti mbichi. Nchi hii imekwisha kupata hasara ya kutosha kwa miti kukatwa. Ndiyo maana mwaka 1973 serikali ilianzisha huko Kondoa kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, ili kuponya vilima vilivyomomonyoka. Tulitwaa tawi kavu la mgunga kutoka katika ua wa zizi lililovunjwa. Watoto waliogopa miiba. Lakini tulipolisimamisha tuliona kwamba kila mwiba ni kishikizo kilicho tayari, na mapambo yote yaliangikwa bila ndoana hata moja.

Hapa twasikia msomaji akituuliza: "Je, hii si njia ya kumsifia maskini umaskini wake? Mwana wa tajiri apate kioo, naye mwana wa mkulima aambiwe aridhike na mabua?" Ni swali la haki, nalo hatulikwepi. Tunajibu kwamba sheria hii si ya maskini tu. Mwana wa tajiri naye hajatoa kitu mpaka ameutia mkono wake katika kazi. Nyota ya dukani ni zawadi ya babaye, nasi tutaipokea kwa shukrani kwa jina la babaye. Tena hatusemi kwamba njaa ni njema, wala kwamba mabua yaweza kuwa badala ya chakula. Ghala tupu ni jambo la kuondolewa kwa kazi, na kwa mbegu bora, na kwa majirani kusaidiana. Twasema tu kwamba katika kungoja siku hiyo, mtu asilipunguze ghala la mwenzake kwa ajili ya uzuri, hata uzuri wa nyumba ya Mungu.

Mwingine atasema, "Lakini vitu vilivyookotwa havimgharimu mtoto kitu, Daudi angevikataa." Huyo hajapata kumtazama mtoto akifunga nyota ya mabua mara ya nne, baada ya kuvunjika mara tatu, wenzake wakicheza mpira nje. Kwa mtoto, alasiri moja si kitu kidogo. Ndiyo shekeli zake.

Siku ya Krismasi yule bibi alikuja kanisani mapema. Alisimama mbele ya tawi la mgunga muda mrefu, mikono nyuma, akitafuta. Hatukumwonyesha. Mwisho alinyosha kidole juu ya ng'ombe wa udongo, mwenye pembe moja iliyoinama chini na nyingine iliyosimama.

"Huyu ni wa mjukuu wangu," alisema. "Ndiye ng'ombe wetu yule aliyekufa mwaka wa ukame. Pembe yake ilikuwa hivi hivi."

Mtoto hakuwa ametuambia. Sisi tulidhani pembe ile imekosewa, na siku ile ya kufinyanga tulikuwa karibu kumwamuru ainyoshe.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi waalimu wenzetu na akina mama wa shule za Jumapili, mwezi huu mtawaagiza watoto mambo mengi kwa ajili ya sikukuu. Twawaomba jambo moja tu: kabla ya kutoa agizo, ulizeni kitu mnachokiagiza ni mali ya nani. Kikiwa cha nyumba, kakiombeni kwa mwenye nyumba, mkiwa tayari kusikia hapana. Kikiwa chenu wenyewe, toeni bila kuhesabu, kama yule mwanamke wa Bethania. Na kwa mtoto ombeni kile kilicho chake, yaani kazi ya mikono yake na vitu akumbukavyo, kisha msiinyoshe pembe.